Jabari Utosini mwa Kilakala

Mwanzoni mwa Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mtu akisimama uani kwake Kilakala, Morogoro, na kuinua uso hadi shingo igome, anachokitazama ni Jabari, kundi la nyota ambalo vitabu vya Ulaya vinaliita Orion. Zile nyota tatu zilizokaa mstari mmoja ni mkanda wake. Kando ya mkanda kuna nyota nyingine hafifu zilizofuatana: huo ndio upanga. Ile ya katikati ya upanga ina ukungu, kana kwamba mtu ameigusa kwa kidole chenye mafuta. Usihangaike kufuta miwani. Ukungu huo ni wingu la gesi na vumbi, yaani nebula, umbali wake takribani miaka ya nuru 1,300, na ndani yake nyota mpya zinazaliwa.

Sisi wa Morogoro tumependelewa. Mji wetu uko digrii 6 na dakika 49 kusini mwa ikweta. Nebula ya Jabari iko digrii 5 na dakika 23 kusini mwa ikweta ya anga. Maana yake inapita juu ya utosi wetu, ikikosea kwa digrii moja na nusu tu. Mtu wa London huiona ikiwa theluthi moja tu ya njia kutoka upeo hadi utosi, hata inapokuwa juu kabisa, na nuru yake inamfikia ikiwa imepenya hewa nyingi. Kwetu inashuka wima, kwa njia fupi kuliko zote. Jambo hilo nimelikuta vitabuni mara chache sana, kwa sababu vitabu vyenyewe vimeandikwa na watu wa London na wenzao.

Kazi inayonilisha ni studio: picha za pasipoti, za mahafali, za harusi, na zile za marehemu zinazokuzwa haraka na kutiwa fremu kwa ajili ya msiba. Mambo ya anga yalinianza tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kipete na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali kulishuhudia. Nilikwenda na kamera ya harusi na kipande cha kioo cha fundi wa kuchomea vyuma. Picha zilitoka za wastani, lakini nilirudi na ugonjwa. Baada ya hapo nikawa nasoma kila nilichokipata, zikiwemo makala za magazetini za Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza Watanzania kilicho juu ya vichwa vyao.

Katika studio, ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Nitoe mweupe kidogo." Vijana wa kompyuta wanang'arisha uso, wanafuta kovu, wanapunguza kiuno. Mteja ameridhika, amelipa, ameondoka. Kwa hiyo siku nilipomwonyesha mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, picha ya nebula iliyotoka vizuri, yenye wekundu na waridi na kijani kwa mbali, aliikodolea macho, akatoka nje kutazama juu, akarudi ndani kimya. Kisha akaniuliza:

"Mjomba, hiyo rangi umeitia wewe?"

Anaijua studio yangu. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake halikuwa la neno moja.

Nianze na kifaa, maana hapo ndipo Kilakala yenyewe inapoingia. Dunia inazunguka, hivyo kila kitu angani huonekana kusogea digrii 15 kwa saa. Kamera ikikaa kwenye stendi ya kawaida, nyota hugeuka vistari. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokimbia kuliko zote, na Jabari amekaa papo hapo: kwa lenzi ya milimita 135, sekunde mbili zinatosha kuharibu picha. Dawa ni kuizungusha kamera polepole kinyume na Dunia, juu ya mhimili unaoelekea ncha ya anga. Vitabu vinasema, elekeza mhimili kwenye nyota ya Polaris. Polaris! Kilakala nyota hiyo haichomozi milele. Iko chini ya miguu yetu, upande wa kaskazini. Ncha ya kusini tunayo, karibu digrii 7 juu ya upeo, lakini kusini kwetu kuna nini? Kuna milima ya Uluguru. Lupanga, mita 2,138, upande mmoja, na Bondwa yenye minara yake ya mawasiliano. Ncha ya anga ya wakazi wa Kilakala imezama ndani ya mlima. Unaelekeza chombo mahali usipoweza kupaona, nyuma ya miamba na msitu na mashamba ya migomba.

Mzee mmoja mwenye elimu ya falaki ndiye aliyenipa njia, na ni njia ya kale kuliko kamera. Unasimamisha kijiti wima juu ya sakafu iliyosawazishwa, unachora duara kukizunguka. Asubuhi unatia alama pale ncha ya kivuli inapoingia kwenye duara, alasiri unatia alama pale inapotoka. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki na magharibi. Ukiukata kwa pembe mraba umepata kaskazini na kusini halisi. Waislamu wa kale walitumia duara hilohilo kutafutia kibla. Dira ya simu ina uongo wake, kwa kuwa sumaku ya Dunia haielekei ncha halisi. Kivuli hakina maneno mengi. Mstari wangu nimeupiga rangi ya mafuta kwenye saruji ya uani, na wageni hudhani ni mpaka wa kiwanja.

Chombo chenyewe kilitoka kwa seremala. Mskoti George Haig ndiye aliyebuni namna hii miaka ya 1970: mbao mbili zinaunganishwa kwa bawaba upande mmoja, na upande wa pili boliti inausukuma ubao wa juu. Boliti ya milimita 6 hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Ukiiweka milimita 229 kutoka kwenye bawaba, kisha ukaizungusha mara moja kila dakika, ubao hufunguka kwa kasi ileile ya nyota. Hesabu hiyo haina siri: anga huzunguka mara moja kwa dakika 1,436, na 1,436 ukigawa kwa mbili za pai unapata 229 kasoro kidogo. Fundi alichonga mninga, akanikabidhi, akaniuliza kama ni mtego wa panya. Nilimwomba pia kabari. Kwa mtu wa Ulaya kabari hiyo ingekuwa mlima. Kwetu, ubao wa sentimita 30 unainuliwa milimita 36 tu upande wa kusini. Bawaba imelala karibu sawa na sakafu, ikielekea tumbo la Uluguru.

Basi unakaa kwenye kigoda, macho kwenye saa ya ukutani uliyoishusha, vidole kwenye boliti, unazungusha pamoja na mshale wa sekunde. Ni kazi ya kipumbavu kwa nje. Vijana wa ulinzi shirikishi walinikuta hivyo, wakanimulika tochi, picha ikaungua nyeupe. "Mzee, shikamoo. Kuna usalama hapa?" Nikaitikia marahaba, nikawaonyesha upanga wa Jabari. Tangu siku hiyo wakipita kwangu huzima tochi kabla ya kona, na mmoja wao anaijua ratiba ya mwezi kuliko mimi.

Picha moja ya sekunde 30 kutoka Kilakala inakatisha tamaa. Anga lina rangi ya udongo kwa sababu ya taa za mji, na picha imejaa chenga. Joto la Februari huzidisha chenga, maana sensa ya kamera ikipata moto huanza kuona vitu visivyokuwepo. Lakini chenga hazikai mahali pamoja. Leo zipo hapa, katika picha inayofuata zipo pale. Wingu la Jabari halihami. Ukipanga picha juu ya picha na kuchukua wastani, kilichopo hubaki na kisichokuwepo hufifia. Picha 100 zikipangwa, chenga hupungua mara kumi. Zikiwa 400, mara ishirini. Unaona kwamba faida inazidi kuwa ghali: ukitaka kuongeza maradufu usafi wa picha, lazima uongeze mara nne muda wa kukaa kwenye kigoda. Unapiga pia picha za giza tupu, lenzi ikiwa imefunikwa, ili kujua sensa yako inadanganya wapi, kisha unaondoa uongo huo kwa hesabu. Programu kama Siril hufanya yote hayo bila malipo, kwenye kompyuta ya kawaida, ingawa ya kwangu huhema usiku kucha.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Akasikiliza kwa heshima, kisha akanirudisha kwenye mstari: "Sawa, mjomba. Na rangi?"

Katikati ya wingu kuna nyota nne zilizokaribiana ziitwazo Trapezium. Kubwa yao, Theta-1 Orionis C, uso wake una joto karibu mara saba ya uso wa Jua. Nyota ya moto namna hiyo hutoa kwa wingi nuru ya urujuanimno, nayo inapoigonga gesi ya hidrojeni huing'oa elektroni yake. Elektroni ikirudi hushuka ngazi kwa ngazi, na katika hatua moja ya kushuka huko hutoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Hiyo tu, haipungui wala haizidi. Mahali popote ulimwenguni, hidrojeni ikifanya hatua hiyo, wekundu ni huohuo. Kwa hiyo wingu hili linawaka lenyewe, tofauti na mawingu ya Lupanga yanayong'aa kwa nuru ya kuazima kutoka kwenye taa zetu.

Mbona basi hatuuoni wekundu tukitazama juu? Kwa sababu seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui wekundu. Jicho usiku ni pofu wa rangi, na hatulilaumu, halikuumbiwa unajimu. Kwenye darubini nebula hii huonekana ya kijivu, wengine huiona kijani kidogo. Kijani hicho kina kisa kizuri. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alipoichambua nuru ya nebula nyingine alikuta mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wataalamu wakasema ni elementi mpya, wakaipa jina nebulium. Iliishi kwa jina hilo hadi 1927, Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni yetu hiihii, iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa mahali patupu kuliko chombo chochote cha maabara. Miaka 63 ya kumtafuta mgeni, kumbe ni mwenyeji! Gesi ile tunayoivuta puani ndiyo iliyokuwa ikiwachezea.

Kamera nayo ina upofu wake, na huu umewekwa kwa makusudi. Kiwandani hubandika kichujio mbele ya sensa ili ngozi ya binadamu itoke jinsi jicho linavyoizoea. Kichujio hicho huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni. Ninayo kamera moja kuukuu iliyoondolewa kichujio. Haifai tena kwa harusi, bibi harusi angetoka mwekundu na ningerudisha fedha. Lakini mbele ya Jabari ndiyo inayosema.

Mpwa wangu akafikiri. "Kwa hiyo hukutia. Uliondoa."

Hapo nilijua amenizidi. Mimi ningetumia ukurasa mzima.

Tangu siku hiyo tofauti hiyo imekuwa kipimo changu, hata mjini studio. Kuna kuvuta kilichopo hadi kionekane, na kuna kuweka kisichokuwepo. Henry Draper alipopata picha ya kwanza ya nebula hii, tarehe 30 Septemba 1880, karibu na New York, aliiacha kamera wazi kwa dakika 51. Picha ilikuwa duni ukiilinganisha na ya simu yako, lakini kila doa lake lilitokana na nuru iliyokuja. Miaka minane baadaye, kule Harvard, Williamina Fleming aliona kwenye bamba la picha kivuli chenye umbo la kichwa cha farasi mbele ya wingu jekundu lililo jirani na mkanda wa Jabari. Mama huyo aliingia kwenye unajimu akitokea kazi za ndani, katika nyumba ya mkurugenzi wa kituo cha Harvard. Jicho lake lilikuta kitu kwenye bamba ambacho hakuna jicho lililokuwa limekiona angani. Kisa hicho huwasimulia wasichana wa sekondari ya Kilakala wanapokuja kupigwa picha za mahafali. Wengine hucheka, mmoja mmoja huuliza bamba ni nini.

Kinachotokea ndani ya nebula ya Jabari kinastahili subira yote hii. Gesi na vumbi vinaporundikana hujivuta vyenyewe kwa uzito wake, vikaporomoka kuelekea katikati, joto likapanda. Katikati ikifika takribani digrii milioni kumi, hidrojeni huanza kuungana na kuwa heli, na hapo tunasema nyota imewaka. Picha kubwa ya darubini ya Hubble iliyotolewa 2006 inaonyesha zaidi ya nyota 3,000 katika wingu hili. Nyota changa nyingi humo bado zimezungukwa na sahani za vumbi, malighafi ya sayari. Wataalamu wamekwisha kuorodhesha zaidi ya 150. Nyota kubwa za Trapezium, hizo zinazotuwashia wingu, ndizo pia zinazozibomoa sahani za jirani zao kwa upepo na mionzi. Tusifikiri ni wodi ya wazazi tulivu. Jua letu nalo lilizaliwa kwenye wingu la gesi na vumbi, miaka bilioni 4.6 iliyopita. Na nuru ninayoipokea kwenye mninga wa fundi yule ilianza safari kabla Kilwa haijajenga msikiti wake wa mawe.

Mwaka wa mpiga picha wa nebula hapa kwetu una kalenda yake. Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ni Jabari. Mawingu ya joto la mchana mara nyingi huyeyuka baada ya magharibi, na ukivumilia hadi saa tatu anga hufunguka. Ikija masika, zamu ni ya nebula ya Carina, kubwa na nzuri kuliko ya Jabari, na watu wengi wa Ulaya hawaioni kamwe. Sisi inatupitia juu ya mlima nyakati za jioni mwezi Mei, tukiwa tumefungiwa na mvua. Najua kulalamikia mvua ya Uluguru ni utovu wa shukrani, kwani Mto Ruvu unatoka huko na sehemu kubwa ya Dar es Salaam inaunywa. Kipupwe huleta nebula ya Lagoon, katika kundi la Mshale, pamoja na kitovu cha Njia Nyeupe. Usiku wa Julai ni wa baridi na hauna mvua, ingawa lenzi hulowa umande, na kadiri Agosti inavyosonga moshi wa mashamba yanayochomwa milimani hutanda. Wapo wanaonishauri nipande Morningside, kule mlimani, kukimbia taa. Nimepanda. Ukungu wa mlima una saa zake, na kutoka kule juu mji mzima wa Morogoro unakumulika usoni.

Bibi mmoja jirani, ambaye shamba lake liko mlimani, aliniuliza siku moja kama hizo nyota nazipiga picha za pasipoti. Nikamwonyesha Kilimia, anayoijua tangu utotoni kama nyota ya kulimia. Kwenye picha Kilimia ina ukungu wa buluu. Nilimweleza kwamba buluu hiyo ni vumbi linaloakisi nuru ya nyota, kwa kuwa nyota za Kilimia hazina moto wa kutosha kuiwasha hidrojeni iwe nyekundu. Akatikisa kichwa, akasema anazijua zilivyo tangu zamani, kwamba zikionekana mahali fulani unaandaa jembe. Sikuwa na la kuongeza. Kwa kazi yake, alikuwa na maarifa yote yanayohitajika.

Ninachokiogopa siku hizi ni picha zinazokuja rahisi mno. Zipo simu ambazo ukipiga mwezi hukujazia sura ya mwezi kutoka kwenye mafunzo zilizopewa. Zipo programu za kusafisha chenga ambazo, zikikosa nyota, huchora. Sizungumzii rangi za kupangwa: ile picha maarufu ya Hubble ya 1995, nguzo za gesi katika nebula ya Tai, imepewa rangi kwa utaratibu, salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu, na waliofanya hivyo walisema wazi. Hilo ni sawa na ramani kutia bahari buluu. Kosa ni kuchora nyota na kunyamaza. Kwa maoni yangu, picha ya nebula yenye chenga, iliyopigwa Bigwa au Kilakala kwa mtego wa panya, ina thamani kuliko iliyong'aa ambayo nusu yake imetungwa na mashine.

Kwa hiyo, msomaji, Februari ijayo chagua usiku usio na mwezi. Zima taa ya nje, na kama ni lazima iwake, ifunike juu ili imulike ardhi, jirani ataiga. Weka simu kifudifudi juu ya tofali, kamera ya nyuma ikiangalia juu, kwenye mpangilio unaokuruhusu kuchagua sekunde mwenyewe, anza na sekunde nne, piga nyingi, kisha zipange kwa programu. Ukiisambaza picha hiyo, andika chini yake mahali, saa, lenzi, idadi ya picha ulizopanga, na rangi umezipataje.